Hatua ya Kunyoa

Maharage mapya yakimiminwa ndani ya kopo la bati hulia kwanza kwa kishindo, kisha sauti inafifia kadiri kopo linavyojaa, na mwisho haisikiki tena, kwa sababu sasa punje zinaangukia punje. Hapo ndipo sisi watoto wa soko tulipokuwa tunainua vichwa kutazama. Kopo likishanyamaza kilichobaki ni kile kilima kidogo cha juu, na kilima hicho hakikuwa na bei. Mteja anakidai, muuzaji anakataa, mteja anajifanya anaondoka, muuzaji anamwita, na viganja viwili vitatu vya maharage vinaongezwa huku wote wawili wakilalamika kwamba wameonewa. Tulikiita nyongeza. Mama yangu aliweza kumpa mjane wa jirani nyongeza iliyomwagika hadi mezani, halafu mke wa tajiri akija akampa punje saba tu, akimtazama usoni. Niliamini, na bado naamini, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa raha yote ya soko.

Soko lenyewe lilikuwa dogo, halina hata jina, limejishikiza kwenye mteremko wa Cimpunda ambako nyumba zimebanana kiasi kwamba jirani akikaanga pilipili, ninyi ndio mnaopiga chafya. Wakati wa vakansi kubwa, ile likizo ndefu ya kiangazi, vumbi jekundu lilipanda hadi kwenye kope, na hewa ilinukia sambaza, wale dagaa wetu wa ziwani, zilizokaushwa, mafuta ya mawese na sabuni ya kipande. Mama alikuwa na meza karibu na bomba la maji, mahali pazuri, kwa kuwa kila aliyepanda kutoka Nyawera na mzigo alipumzikia pale. Baba alikuwa mbali, kule Mwenga, akichimba dhahabu. Alikuwa anarudi akipata, na asipopata alikuwa anatuma salamu. Kwa hiyo tulikula kutokana na ile meza, na daftari zangu zilitoka kwenye ile meza, na nilijua hilo kabla sijajua kuandika jina langu, ambalo ni Nsimire.

Mwaka nilipotimiza miaka kumi na mmoja sheria za soko zilikuwa zinaongezeka kila tukigeuka. Kwanza ilikuwa jetoni moja ya asubuhi, kikaratasi cha ruhusa ya kupanga bidhaa. Kisha ikaja jetoni ya pili, ya usafi, ingawa tuliofagia ni sisi wenyewe. Ikaja amri ya aproni ya bluu, si bluu yoyote, ila ile iliyouzwa katika duka moja tu, na mwenye duka hilo hakuwa amewahi kuonekana sokoni kwetu. Halafu meza zote zikatakiwa ziwe na urefu mmoja, jambo jema sana kama ba maman, wale mama wauzaji, nao wangekuwa na urefu mmoja. Mama yangu, mrefu kama mlango, alishinda amepinda mgongo, na Maman Riziki wa sambaza, mfupi na mnene, alipimia samaki wake mkabala na kidevu. Tulicheka. Lazima niseme ukweli: tulicheka, tukalipa, tukanunua aproni, tukakata miguu ya meza. Aliyeleta amri zote hizo alikuwa bwana mmoja mpole wa ofisi ya soko, kofia kichwani na folda kwapani, na kwa ajili ya folda hiyo sisi tulimwita Papa Dosiye.

Siku moja ya Ijumaa Papa Dosiye alibandika karatasi kwenye ukuta wa bomba, akaenda zake. Ilikuwa ya Kifaransa kama zote. Ba maman wengi walisoma Kiswahili cha misa tu, lakini mimi nilikuwa nimemaliza darasa la tano nikiwa wa pili, na mama hakuacha mtu asijue. "Nsimire, wewe njo unajua Kifaransa. Utusomee," alisema Maman Riziki, akaninyanyua juu ya kreti. Nilijiona waziri. Nilisoma kwa sauti mistari yote, na katikati nikakutana na maneno haya: les vendeuses appliqueront la mesure rase. Vendeuses nililijua, ndio wao wanawake wanaouza. Mesure nililisikia redioni kila jioni; serikali ilikuwa haiishi kuchukua mesures, yaani hatua. Na rase, jamani, nani asiyejua rase? Baba akirudi kutoka Mwenga kitu cha kwanza alichoomba ni wembe. Nikavuta pumzi, nikatangaza kwamba wanawake wote wanaouza watatekeleza hatua ya kunyoa, kuanzia Jumatatu, na asiyetii ataondolewa kwenye meza yake.

Kosa lilikuwa langu, silikwepi. Mesure pale ilikuwa kopo, na rase ni kopo lililosawazishwa juu kwa rula, bila kilima. Lakini kinachonishangaza hadi leo si kwamba mtoto wa miaka kumi na mmoja alikosea neno. Kinachonishangaza ni kwamba hakuna mtu mzima hata mmoja aliyeniambia nirudie kusoma. Walishika vitambaa vyao vya kichwa, halafu wakaanza wenyewe kuisaidia serikali kutafuta sababu. Mmoja akasema ni usafi, nywele zinaangukia kwenye unga. Mwingine akasema kweli, amesikia kwamba kwenye soko la Ibanda wameshaanza. Wa tatu akasema afadhali nywele kuliko jetoni ya tatu. Kufikia Jumamosi jioni kinyozi wa njia panda alikuwa ameishiwa wembe, na Maman Riziki alikuwa amerudi na kichwa kinachong'aa, akikipapasa na kusema kwamba walau upepo unaingia.

Mama hakucheka. Kwetu mwanamke akinyoa kichwa kipara, watu wanajua ana msiba, na mara nyingi wanajua ni wa nani. Jumapili baada ya misa alikaa kwenye kigoda nje, akafungua kitambaa, akaniita nimsuke kama kila Jumapili. Nilimuuliza kwa nini nisuke kitu kitakachonyolewa kesho. "Papa yako iko ndani ya shimo kule Mwenga, anachimba," alisema. "Mimi siwezi kunyolea mutu mwenye iko muzima." Maman Riziki, aliyekuwa amekaa kizingitini kwetu, alimuuliza basi atauzisha wapi, na mtoto atasoma na nini. Mama akajibu kwamba hajui, ila kichwa chake hakikodishwi na soko, na kwamba kesho atamwuliza Papa Dosiye uso kwa uso nywele zake zilimkosea nini. Niliogopa. Nilimsuka mistari iliyopinda, na nilimpenda mno siku ile.

Jumatatu asubuhi wanawake kumi na mmoja walipanga bidhaa zao vichwa vikiwa kama mayai, aproni za bluu shingoni. Mama alifika mwisho, bila kitambaa, misuko yake yote nje, akasimama nyuma ya meza yake fupi bila kupinda. Mimi nilijipenyeza chini ya meza. Papa Dosiye akatokea na folda na rula mpya ya mbao, akatazama upande huu, akatazama upande ule, akasimama. Polepole akavua kofia. "Poleni sana, ba maman," alisema kwa sauti ya kanisani. "Nani alikufa?"

Akatembea kati ya meza akitoa pole kila hatua, amekumbatia kofia kifuani, hadi akafika kwa mama. Akatazama misuko. Alimuuliza kwa upole kama yeye hakumfahamu marehemu. "Shefu," mama alisema, "hakuna mutu alikufa. Ni karatasi yako. Unielezee, nywele yetu inawafanyia nini kule ku biro?" Papa Dosiye alifungua folda, akasoma, akafunga, akafungua tena. Kisha akachukua kopo la mama lililojaa, akapitisha rula juu yake, nyongeza yote ikaporomoka mezani. "Hii njo rase," alisema.

Maman Riziki alipeleka mkono kichwani polepole, akaushusha, na tumbo likaanza kumtikisika. Akafuata wa unga, akafuata wa ndizi, na punde soko zima lilikuwa linacheka, mtu kashika mbavu, mtu kashika meza, machozi yakiteremka hadi kwenye zile aproni. Papa Dosiye naye alijitahidi kukaza uso, akashindwa. Mama ndiye aliyeacha kwanza. Alikusanya maharage yaliyomwagika, akayarudisha juu ya kopo kwa viganja viwili, kilima kikasimama. Akamwambia kwamba kopo ni la bei, hilo alipime anavyotaka, lakini kile cha juu anampa mtu anayempenda yeye, na hakuna ofisi itakayomwambia ampende nani. "Na mimi nywele yangu ilishaenda," Maman Riziki akaongeza. "Mulitaka na nyongeza tena?" Ungekuwa wewe, umezungukwa na vipara kumi na moja vilivyonyolewa kwa ajili ya karatasi yako, ungesema nini? Papa Dosiye alibandua tangazo, akasema linarudi ofisini kurekebishwa. Halikurudi.

Adhabu yangu ilikuwa kupaka mafuta vile vichwa kila asubuhi mpaka vakansi ikaisha, na jina la Madame Wembe nililibeba hadi sekondari. Sijawahi kufurahia adhabu kiasi kile. Walinipitisha kutoka meza hadi meza, wakinifinya masikio, wakinilisha sambaza. Amri nyingine zilikuja baadaye, nyingine nzuri hata, kama ile ya mtaro wa maji machafu, lakini tangu siku ile karatasi ikibandikwa wanawake walikuwa wanatuma mmoja wao kwenda kuuliza kabla hawajatoa chochote. Na kabla shule haijafunguliwa baba alirudi kutoka Mwenga, mwembamba, matope hadi magotini, kuku mkononi, akaomba wembe wake.

Sasa mimi ni mama wa watoto wawili na nina karakana ya kushona Ibanda, mashine tatu. Karatasi hazibandikwi tena ukutani, zinaingia kwenye simu. Mwezi uliopita ilikuja moja katika kundi letu la wafanyabiashara: kila fundi awe na karte mpya, kadi ya kulipia na kubeba. Watu waliijibu haraka, na wote waliandika kitu kimoja, tunalipia wapi. Niliandika hivyohivyo, nikalipa, nikaendelea na mshono. Mama yangu, ambaye siku hizi anakaa kwangu, alikuwa kwenye kiti cha dirishani. "Ile karte iko ya kazi gani?" aliuliza. Nikamwambia ni ya usalama. Halafu nikasema labda ni ya usafi, au ya kututofautisha na wale wa kando ya barabara. Nilizitaja sababu nne, zote nzuri, na hakuna hata moja iliyokuwa imeandikwa popote. Mama alinitazama tu, na niliona aibu ambayo sikuiona hata chini ya meza siku ile.

Kesho yake nilifunga karakana nikaenda kwenye ofisi inayotoa hizo karte. Nyuma yangu kulikuwa na mstari wa mafundi, kila mmoja na simu yake mkononi, tayari kulipa. Kijana wa kaunta alinyoosha mkono apokee malipo, nikamwambia nimeshalipa, nimekuja kuuliza karte hii inamfanyia nini anayeibeba. Alinitazama, akapekua karatasi zake, akamwita mwenzake, mwenzake akapekua naye. Walinong'ona. Mwishowe akaniambia kwamba mimi ni wa kwanza kuuliza, labda nirudi kesho. Nyuma yangu fundi mmoja alikuwa ameirudisha simu mfukoni. Nikavuta kiti, nikakaa, nikamwambia atafute taratibu, sina haraka.