Gia za Kakuma Nilizozinyima Nafasi

Mwanangu, ipo siku moja ya Kakuma ambayo hainitoki akilini, na leo, nawe unapoanza kazi hii ya ufundi, nataka nikusimulie. Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa kijana, fundi wa kuchonga vyuma katika karakana moja ya Lodwar, kule Turkana. Nilitoka Machakos na cheti changu kipya, nikamwacha mke wangu nyumbani. Barua zake zilichukua majuma mengi kufika. Kikamba nilikisema peke yangu tu, nikifua nguo.

Upweke ule ulinifanya jeuri, nami sikujitambua. Nilijiambia kwamba sihitaji watu, mashine zinanitosha. Tulikuwa mafundi wawili tu. Mwenzangu alikuwa Mzee Odera, mtu wa Siaya aliyekaribia kustaafu, macho yake yameanza kufifia. Kila mchana aliniita tule pamoja. Kila mchana nilimjibu kwamba nina kazi.

Basi ikaja habari kwamba pampu ya kisima cha Kakuma inagonga. Gia zake mbili zilikuwa zimelika. Kila pampu ilipopanda na kushuka, jino liliachana na jino lenzake kisha likalipiga. Ule uwazi kati ya meno, ambao sisi mafundi tunauita mchezo, ulikuwa umezidi. Nikaambiwa nichonge gia mpya.

Mzee Odera alinisihi, "Ukimaliza niletee nizishike kabla hazijaenda."

Sikumpelekea. Katika kumalizia nilikuwa naondoa chuma kidogo sana, napima, naondoa tena, nikakoma pale meno yalipoingiliana bila kucheza hata kidogo. Nilizizungusha kwa mkono zikaenda bila sauti. Nikaona nimewapita mafundi wote.

Nilikwenda Kakuma kwa lori, nikazifunga mwenyewe asubuhi kabla jua halijakaza. Pampu ikafanya kazi kimya kabisa. Sikungoja ifike adhuhuri. Nilirudi Lodwar na lori lile lile, maana sikupenda kukaa na watu nisiowajua.

Siku ya tatu nikaitwa tena. Nilikuta mifugo imekizunguka kisima na birika la kunyweshea ni kavu. Gia zilikuwa zimepata moto, zikavimba, zikaumana, na meno manne yamevunjika. Kando ya birika alikaa mama mmoja, ambaye baadaye nilijua anaitwa Akiru, na ngamia wake wa maziwa, aliyefika hapo baada ya siku nyingi bila maji, amelala mbele yake, amekufa. Nilimsalimu kwa Kiturkana kidogo nilichokijua, "Ejok." Aliitikia, kisha akaniuliza, "Ni wewe fundi?"

"Ndiyo, mama."

"Mashine yako ilinyamaza mzuri. Sasa maji pia imenyamaza."

Hakupandisha sauti. Afadhali angenitukana, mwanangu.

Nilizirudisha gia kuukuu. Ziligonga vilevile, lakini maji yakatoka.

Niliporudi Lodwar nilimwekea Mzee Odera mikononi zile gia zilizovunjika. Akapitisha kidole gumba juu ya meno, taratibu, jino baada ya jino.

"Mafuta yangepita wapi?" aliuliza. "Na jua la Kakuma je? Chuma kikipata moto kinanenepa. Wewe ulipimia kivulini, chuma kimepoa." Akaziweka chini. "Nilikuwa hapa, hatua kumi kutoka kwako. Kwa nini hukuniuliza?"

Nilimweleza ukweli, kwamba tangu nije sikuwa nimezungumza na mtu yeyote mambo yasiyo ya kazi.

"Nilijua," alisema. "Mke wangu alifariki mwaka niliohamia hapa. Nilikuwa nakuita tule kwa sababu hata mimi sipendi kula peke yangu."

Nililia mbele ya yule mzee bila kuona haya.

Tulichonga gia nyingine pamoja. Alinionyesha kutia ukanda wa karatasi nyembamba kati ya meno na kuzungusha. Ikichanika, bado zimebana mno. Ikitoka nzima na alama za meno tu, inatosha. Nilipokwenda kuzifunga nilikaa Kakuma siku mbili, nikizigusa gia jua likiwa kali. Hazikuumana, na hazikugonga. Lakini ngamia wa Akiru hakuwa wa kurudishwa, na kila aliponiona kisimani alinitazama kisha akageukia mifugo yake iliyobaki.

Mwaka uliofuata Mzee Odera alistaafu akaenda kwao. Aliniandikia barua mbili, kisha zikakoma. Nami nilibaki Lodwar miaka mingi, nikila peke yangu, nikijuta zile siku alizoniita nikakataa.

Kwa hiyo nisikilize. Unapomalizia gia, punguza mchezo lakini usiumalize. Bakiza nafasi ya mafuta na ya joto. Ipime ikiwa baridi, ipime tena ikiwa imefanya kazi, na usiondoke kabla ya mchana. Kazi yako, hata ukiijua vipi, ipitishe mikononi mwa mwingine. Na ukiwa mgeni mahali, mtu akikuita, itika.

Mungu akuepushie kosa linalowaumiza watu ambao hata majina yao huyajui. Akupe mkono mtulivu, na popote utakapopelekwa na kazi, akujalie mwenzako wa kuzungumza naye.