Koti Nililomwachia Mtani

Kaka zangu wote wawili walisema nimerukwa na akili. Yule mdogo wao, mfanyakazi wa reli, akaongeza kwamba mwanamke akishafiwa na mume hukosa wa kumshika. Nikamjibu kwamba yeye ana mke wa kumshika na bado hatembei sawasawa. Akanuna, na mimi nikaendelea kufunga mizigo.

Jambo lenyewe lilikuwa hili. Ilikuwa miaka ya watu kuhamia vijijini. Kwetu, upande huu wa Bukene, wote walikuwa wamepelekwa kwenye kijiji kipya kando ya barabara, na maboma ya zamani yakageuka mahame. Mama yetu alikuwa amezikwa pale uani, karibu na zizi. Siku moja mtu wa kwetu alikuja sokoni Tabora kuuza asali, akaniambia kijiji kimeamua kuyalima mahame yale yawe shamba la pamoja, maana udongo wake umeshiba majivu na mbolea. Trekta lingeanza mara mvua ya kwanza ikilainisha ardhi. Nikamuuliza, na makaburi je? Akainama kupanga vibuyu vyake.

Nilipowaeleza ndugu zangu, kaka mkubwa alisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Hee! Kumbe mama yetu alikuwa yaliyopita! Niliwaka moto. Mvua ya kwanza ilinyesha usiku uleule, na treni ya Mwanza ilikuwa imeshapita, nyingine ni mpaka wiki ijayo. Kulipokucha nikatoa baiskeli ya marehemu mume wangu, nikapakia turubai, sufuria na unga, nikavaa lile koti zito la mvua ambalo baba alimwachia kaka mkubwa. Sikuliomba, kwa kuwa ningeliomba ningenyimwa.

Mtaa wetu wa Ipuli mzima ulitoka milangoni kunitazama. Mwanamke, peke yake, juu ya baiskeli, na mawingu yale! Wengine walicheka hata salamu ikawashinda. Mimi nikakanyaga pedeli.

Nilifuata njia ya zamani ya misafara. Babu yangu aliipita na pembe ya ndovu begani, na alipokuwa akitusimulia alizoea kusema mpagazi haombi ruhusa kwa mawingu. Mpaka mchana nilikuwa nikijiona mjukuu wake hasa. Kisha nikaingia mbugani. Udongo mweusi ukilowa haupatani na gurudumu. Kila baada ya hatua chache ilinibidi nishuke nikwangue tope kwa kijiti. Mwishowe nikaibeba. Baiskeli ndiyo iliyonipanda mimi, na mvua inanitwanga usoni.

Usiku wa kwanza ulikuwa wa manyunyu tu, nikalala. Wa pili ulikuja na upepo na mvua ya mawe. Nilikuwa nimefunga turubai kati ya mgunga na baiskeli. Upepo ukaliangusha pamoja na baiskeli yenyewe, nikakaa chini nimejifunika nalo kichwani, nimelishika kwa mikono miwili. Moto ulizimika. Nikakoroga unga kwa maji baridi nikanywa hivyohivyo. Niliyoyaambia mawingu yale siyaandiki, astaghfirullah. Nililia pia, nasema wazi, lakini nililia kwa hasira, kwa kuwa nilijua mvua ile ilikuwa inamlainishia mwenye trekta kazi yake. Kurudi Tabora sikuwaza hata kidogo. Afadhali nife mbugani kuliko kumsikia kaka akisema si nilikwambia.

Nilifika asubuhi, nimepakaa tope mpaka kwenye nyusi. Trekta lilikuwa linanguruma tayari, limeshageuza nusu ya mahame. Mwenyekiti wa kijiji alikuwa kando yake, mwavuli mkononi. Sikupoteza muda kwa salamu. Nikalitafuta tuta la mawe la kaburi la mama, nikalitandaza turubai langu juu yake, nikakaa.

Mwenyekiti alikuja akasema nazuia maendeleo. Nikamwambia ardhi ipo mpaka Nzega, maendeleo yapite pembeni. Akatishia kuita mgambo. Nikamwambia awaite, waje na jembe, maana itabidi wanizike hapahapa. Basi akamwamuru dereva asonge mbele. Dereva, mtu mzima mwenye kofia ya kiua, akainama kutoka kitini akaniomba niondoke, kazi inamngoja. Aliongea kwa lafudhi ya pwani. Nikamuuliza kabila lake. Akasema Mzaramo.

Nikacheka kwa mara ya kwanza tangu Tabora. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Wapagazi wetu walipofia pwani, wao ndio waliowazika, na wa kwao waliofia huku tuliwazika sisi. Mtani atakutukana mbele ya wakwe, atakunyang'anya kuku, lakini penye msiba yeye ndiye wa kushika jembe la kaburi. Mwenyekiti alikodi trekta, hakuuliza nani analiendesha.

"Mtani," nikamwambia, "huyu aliyelala hapa ni mama yangu. Ni wako kumzika, si wako kumlima."

Akazima trekta. Mwenyekiti, Mnyamwezi mwenzangu, akashusha mwavuli. Alijua kama nilivyojua mimi.

"Shamba nitalima," dereva akamwambia. "Maiti wa mtani simgusi, hata amri ikitoka Ikulu."

Akashuka, akaokota mawe yaliyotawanyika, akayapanga upya juu ya kaburi la mama, kisha akazungushia mtaro ili plau lisivuke. Alipomaliza akajifuta mikono, akanitazama juu mpaka chini. Akasema mtani hafanyi kazi ya kaburi bure, analitaka koti. Mvua ilikuwa inaanza tena. Utanini hakuna kukataa, nikalivua. Akalivaa, akasema Mnyamwezi ameumbiwa kubeba mizigo mvuani, koti atalifanyia nini. Nikamtukana vizuri, tukaagana tukicheka.

Nilirudi kwa treni kutoka Bukene, nimelowa chapachapa, nikakuta kaka zangu wote wawili sebuleni. Mkubwa hakuuliza habari za safari. Aliuliza koti la baba liko wapi.

"Nimemlipa nalo aliyelilinda kaburi la mama," nikamwambia. "Mwanawe wa kiume hakuwepo."