Kitambaa Changu cha Miguu

Harufu ya gambuti iliyolowa, hata nikiipata dukani kwa watu, hunirudisha Nyarugusu, kwenye kibaraza cha nyumba yetu, baba akimwaga maji ya mgodini kutoka kwenye buti zake. Baba alichimba dhahabu kwa kampuni ya Wazungu, na kwetu miguu ilikuwa na sheria zake. Jioni unaosha, unapangusa katikati ya vidole, kisha viatu vinapinduliwa juani kesho yake. Kila mtu na kitambaa chake. Changu kilikatwa kwenye kanga nyekundu ya mama.

"Kidole kikavu hakiozi," baba alipenda kusema. Nami nilitii kupita kiasi, kwa kuwa alikuwa ameninunulia raba nyeupe za shule, na katika safu yetu ya nyumba hakuna msichana mwingine aliyekuwa na viatu. Basi nilivyoringa! Hata kisimani nilikwenda nazo, nimezibeba mkononi zisichafuke.

Lakini kitambaa changu nilikikuta kibichi kila asubuhi. Siku moja niliwahi kuamka, nikamkuta baba nyuma ya nyumba anajipangusa nacho. Kucha zake zilikuwa za njano, nene, zinameguka. Mayu wane, mama yangu! Sikuwahi kuiona miguu yake mitupu. Akashtuka, akasema, "Kabula, usimwambie mama yako." Sikusema.

Haukupita muda, ukucha wangu wa dole gumba nao ukageuka njano. Mama alipouona alipiga ukelele. "Mtoto mchafu wewe! Unavaa raba na miguu mibichi!" Nikamtazama baba, nikingoja aseme neno. Alikuwa anakula ugali. Akamega tonge, akasema bila kuinua macho, "Si nilikuambia, kidole kikavu hakiozi?"

Raba zangu mama alizichoma jalalani. Sikulilia raba, jamani. Nilimlilia baba, naye alikuwa hai pale pale. Tangu siku hiyo nilimwamkia shikamoo kwa mdomo tu.

Nilikuwa mama wa watoto nilipohadithiwa na mchimbaji mwenzake kwamba nyapara alikuwa akiwavua buti mlangoni mwa mgodi, na mwenye miguu mibovu alirudishwa kwao, kazi imekwisha. Kitambaa cha baba hakikukauka hata siku moja, na changu kilikuwa kikavu kabla hajakigusa. Nikaelewa woga wake. Ule ugali aliokula akinisingizia, huo sikuuelewa.

Uzeeni alipolala kwangu hajiwezi, nilimwosha miguu kwenye karai. Nikavuta kitambaa begani mwangu nimpanguse. Akanishika mkono.

"Si hicho, ng'wanone, mwanangu. Hicho chako."

Miaka yote ile nilidhani alikuwa amesahau.