Pete ya Mama na Kibuyu cha Mwalimu

Mama yangu alikuwa na pete iliyouzidi umri mji wa Eldoret. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema hivyo, kwa kila mteja aliyeingia dukani kwetu kununua sukari, awe ameuliza au hajauliza. Ilikuwa ya dhahabu, yenye jiwe la kijani, iliyotengenezwa Ulaya wakati Eldoret ingali vibanda na matope, ikiitwa Sisibo. Mama mmoja mzungu wa mashamba ya ngano, alipokuwa akifunganya virago kurudi kwao, aliivua akampa shosho yangu, mama yake Mama, aliyekuwa amemlelea watoto wote. Ujana mzima wa kufua nepi, mwisho pete. Kwetu hilo lilihesabiwa ukarimu.

Jiwe hilo Mama aliliita zumaridi. Alikanda chapati akiwa nayo na kuchimba viazi akiwa nayo, hadi ikajaa unga na udongo, na ule ukijani wake ukawa mzito kama sukuma wiki iliyoiva kupita kiasi.

Basi ikaja kura ya 2007. Sisi asili yetu ni huko mkoa wa kati, ingawa mimi nimezaliwa hapa hapa, na siku matokeo yalipotangazwa ghafla tukawa wageni. Barabarani watu walikuwa wanavuliwa hata soksi. Mama akaipaka pete sabuni, akaivuta kidoleni akilia, akaipitisha juu ya ua kwa jirani yetu, mwalimu wa kike wa shule ya msingi, mwenyeji wa Sugoi, wa upande uliokuwa ukitufukuza.

"Mwalimu, nishikie hii."

"Leta. Kimbia, Mama Duka!"

Tukaishia kwenye mahema ya kiwanja cha maonyesho. Juma hilohilo nyumba yetu ikateketea pamoja na duka. Pale kwenye foleni ya maharagwe, wanawake walimcheka Mama. "Umempa nani? Ai! Hiyo imeenda, mama." Juma la kwanza Mama alimtetea Mwalimu kwa nguvu. La pili alimtetea kwa sauti ya chini. La tatu alikuwa anacheka pamoja nao, na kicheko hicho sikukipenda.

Baadaye wakubwa wetu walipeana mikono kwenye televisheni, wakanywa chai, nasi tukaarifiwa kwamba tumepatana. Tulipewa fulana za amani kabla ya kupewa mabati. Tuliporudi kwenye ploti yetu, Mwalimu alikuja siku hiyo hiyo na pete kwenye leso.

Ilikuwa inang'aa! Rangi ya jiwe ilikuwa nyepesi, kijani kibichi. Mama akaigeuzageuza.

"Uliiosha na nini, Mwalimu?"

Mwalimu akatazama viatu vyake. "Niliiosha tu."

Jamani, kuna jibu la kimwizi kuliko hilo? Kesho yake Mama akaenda kwa sonara mjini. Mzee yule akabana kioo chake jichoni, akasema dhahabu ni ya kweli na ni ya zamani sana. Jiwe je? "Kioo, mama. Kizuri, lakini kioo."

Kufikia Jumapili soko zima lilijua kwamba Mwalimu amembadilishia Mama Duka zumaridi. Mwalimu hakujitetea hata kwa neno moja. Watu waliofundishwa naye kusoma wakaanza kuficha mikoba akikaa karibu nao kanisani. Miaka ishirini ya kula Krismasi pamoja ikaisha hivyo, na mimi, Mungu anisamehe, nilimwamini mama yangu.

Halafu Jumamosi moja mchana mume wa Mwalimu akaja. Alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mzee wa kanisa, mtu anayevaa tai hata akienda kupalilia mahindi. Nyuma yake alikuwa Mwalimu mwenyewe, amebeba kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kulala, yaliyoganda, yanayotiwa mkaa. Mzee akakataa kiti.

"Mama Duka, hiyo pete niliimeza mimi."

Mama akanitazama. Nikatazama mabati.

Mzee akaeleza akiwa amesimama wima, kama anayesoma ripoti ya shule. Vijana walikuwa wanapekua nyumba wakitafuta vitu vya watu wetu. Mwalimu akaitumbukiza pete kwenye kibuyu, maana vijana wa kwao wanaweza kuchoma nyumba, lakini kumwaga maziwa, hapana. Hakuwahi kumwambia mumewe. Mzee naye akarudi kutoka Moi's Bridge na kiu, akamimina kikombe, akakimaliza kwa mkupuo mmoja.

"Nilidhani ni bonge la maziwa," akasema. "Ilichukua siku tatu. Mwalimu aliichemsha kutwa nzima, na sabuni, na majivu. Lakini jiwe halikubadilishwa. Tumbo langu halina duka la sonara."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Mwalimu! Na ukanyamaza?"

"Ningesema nini sokoni? Huyu ni bwana yangu."

"Nisamehe, dada. Nimekukosea vibaya." Kisha akafuta macho. "Kumbe ni shosho ndiye aliyepewa kioo. Ukijani wote ule ulikuwa uchafu wangu."

Nilidhani yameisha. Mzee bado alikuwa amesimama, kofia mkononi.

"Siku ya pili vijana walikuja kuniita mkutanoni," akasema. "Wazee wote walienda. Mwalimu akawaambia ninahara. Huko ndiko nyumba za kuchomwa zilikotajwa. Yako ilikuwa ya kwanza."

Mama akaacha kucheka. "Na kama hungekuwa na pete tumboni?"

"Ningeenda. Ningepewa kiti cha mbele."

"Ungesema nini, Mzee?"

"Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Sidhani ningesema kitu."

Nje kuku walikuwa wanaparura pale palipokuwa duka letu. Mwalimu, kwa kukosa la kufanya, akatikisa kibuyu na kumimina kikombe. Kwa miaka ishirini Mama alikuwa amekataa maziwa yale akisema yeye halambi makaa. Alikipokea. Akanywa yote bila kupumua, akachungulia ndani ya kikombe, akamnyooshea Mwalimu akijaze tena, kisha akakiweka mkononi mwa Mzee.

"Na wewe kunywa," akamwambia. "Leo polepole."