Adabu za Farasi wa Naguru

Nilichaguliwa kumfundisha farasi kwa sababu ya wembamba wa makalio yangu, si kwa sababu nyingine yoyote. Farasi yule aliletwa kambini kwetu Naguru pamoja na tandiko lake, na tandiko lenyewe lilikuwa limeshonwa kwa ajili ya binti mdogo wa Kizungu. Askari wenzangu waliliweka juu ya ukuta mfupi wa jikoni, wakalijaribu mmoja mmoja, na kila mmoja akamwagika pande zote mbili kama unga uliozidi kibaba. Ndipo mtu akasema, "Hebu muiteni yule dada wa simu, yule kijiti." Nikaitwa, nikakaa, nikaenea. Kazi ikawa yangu.

Nilikuwa konstebo wa kike, kazi yangu kuunganisha simu. Baba yangu alikuwa sajenti mstaafu wa jeshi, Mnubi, na sisi watoto wake tulizaliwa na kukulia makambini, Kinubi ndani ya nyumba na Kiswahili nje ya mlango. Farasi nilikuwa nimewaona kwenye picha. Lakini niliposhuka kwenye ule ukuta nilikuwa tayari nimeshajiona barabarani Nakasero, katikati ya mji, mgongo wima, kofia imeinama kidogo, na wauzaji wa sokoni wakiacha nyanya zao waje kunitazama.

Habari ya farasi ilikuwa fupi. Mwenyewe aliondoka nchini kwa haraka, kama walivyoondoka wengi wakati ule, na mnyama akaachwa kwenye ua akila maua. Mkubwa mmoja mwenye ofisi Nakasero, ambaye aliwahi kusafiri ng'ambo na kuona gwaride la askari waliopanda farasi, aliagiza aletwe kwetu afundishwe. Siku zile mkubwa akitaka kitu, hukuuliza kwa nini wala kwa vipi. Uliuliza lini, tena kwa sauti ndogo.

Jina lake hakuna aliyelijua. Aliyempa jina alikuwa ameshapanda ndege. Basi mimi nikamwita Wewe, kwa kuwa ndilo neno nililomwambia mara nyingi zaidi.

Siku ya kwanza nilifunga kamba kichwani mwake, nikaishika kwa mikono miwili, nikasema kwa sauti ya baba yangu, "Twende!" Akaenda. Alinipitisha kwenye kamba za nguo za wake za maaskari, akakata uwanja wa gwaride katikati, akanipeleka mpaka kwenye majani mabichi nyuma ya kantini, nami nikiwa nyuma yake natembea kwa visigino. Watu walitoka kutazama. Niliwaambia nampeleka malishoni.

"Na shuka ulilovaa kichwani?" akauliza mtu mmoja aliyekuwa ameegemea mlango wa kantini. "Nalo linakwenda malishoni?"

Alikuwa sajenti wa kikosi cha mbwa, mtu mzima kutoka kaskazini, mrefu, mpole, ambaye alikuwa amefundisha mbwa wa polisi tangu wakati wa Waingereza. Aliamini kwamba kila kiumbe duniani ni mbwa wa aina fulani.

"Binti," akaniambia, "wewe unavuta, yeye anavuta. Kati yenu nani mzito?"

"Yeye, afande."

"Basi acha kuvuta. Hii ni mbwa kubwa tu. Nitakuonyesha."

Nusu ya aliyonionyesha ilinisaidia sana, na nusu nyingine ilinipotezea muda. Alishikilia kwamba farasi lazima ajue kulala chini akiamriwa, kwa hiyo tulisimama mbele ya Wewe juani, wawili wa serikali, tukimpigia kelele, "Lala! Lala!" Wewe alifumba macho akasinzia akiwa wima. Sajenti akasema huo ni mwanzo mzuri.

Lakini kuna jambo alilolijua kwa hakika, nalo ni kwamba mnyama hufundishwa kitu kimoja kwa wakati, nawe ukiwa chini kwa miguu yako, kabla hujafikiria kumpanda. Kwa hiyo tandiko likawekwa stoo, nikaanza kutembea. Nikitembea, atembee. Nikisimama, asimame, tena bega kwa bega nami, si mbele yangu wala juu ya viatu vyangu. Akinipita, nageuka naenda upande mwingine bila kumwambia kitu, mpaka achoke kujikuta peke yake. Kisha nikamfundisha kurudi nyuma: namkabili, nainua mkono, natikisa kamba, na akirudisha kwato moja tu, naacha mara moja na kumsugua shingo.

Mwanzoni haikufaa, kwa sababu mimi nilikuwa napiga domo. Mtu aliyezoea simu hawezi kunyamaza. Nilimwambia Wewe simama, nikamwambia hapana, nikamwambia nimesema simama, husikii, una nini wewe, huku mikono yangu ikipunga na miguu yangu ikienda. Yeye alinitazama kwa sikio moja mbele na moja nyuma. Siku nilipopata mafua, sauti ikanikauka kabisa, nilitembea naye kimya, nikasimama kwa sababu nilitaka kupenga kamasi, na Wewe akasimama pale pale. Nikatembea, akatembea. Nikashusha pumzi, akasimama. Nilimwendea sajenti mbio kumweleza, na kwa kuwa sikuwa na sauti nilimweleza kwa mikono.

"Naona," akasema. "Amekufundisha kunyamaza. Mimi nilikuwa nimekata tamaa."

Baada ya hapo mambo yakaenda. Nilimzungusha kwa kamba ndefu mpaka akajua kugeuka kwa kuona bega langu tu. Nilimsugua na gunia tupu mwili mzima, na baadaye nikalipeperusha kando yake, mpaka akaacha kuliogopa. Nikimgusa ubavuni kwa kidole, anasogeza matako. Nilijiona profesa.

Kisha ukaja wakati wa kumpanda, na hapo tukakwama kwenye jambo ambalo halikuwa kosa la farasi. Amri ilikuwa imetoka nchi nzima kwamba wanawake wasivae suruali. Je, amri ile ilimhusu na askari wa kike aliye juu ya farasi? Hakuna aliyejua, na hakuna aliyetaka kwenda kuuliza. Nikajishonea sketi ya kaki ndefu, pana mno, yenye mshono katikati ambao mtu hauoni mpaka umepanua miguu. Ukisimama ilikuwa sketi. Ukipanda ilikuwa jambo lingine ambalo hatukulipa jina. Mama yangu alipoiona aliuliza kama nimeanza kushona mahema.

Wewe alikuwa na tabia mbaya: ukitia mguu tu kwenye kikuku cha tandiko, anaondoka. Kwa hiyo wiki zile kambi ilipata burudani ya kuniona nikirukaruka kwa mguu mmoja kuvuka uwanja, mguu mwingine ukiwa juu, hema langu likipepea. Dawa ilikuwa ya kuchosha. Akisogea, nashuka, namrudisha pale pale alipokuwa, naanza upya. Hakuna fimbo, hakuna maneno. Asubuhi nzima ingeweza kupita bila mimi kukaa juu. Mwishowe alielewa kwamba njia fupi ya kumaliza upuuzi huu ni kusimama tuli mpaka huyu mwanamke atulie. Nikakaa. Nikahema. Tukasimama pale kama sanamu, nami nikaogopa kumwambia aende.

Mkubwa wa Nakasero akaja kumkagua. Gari lake liliingia na magari mengine mawili, na kambi nzima ikawa imenyooka kama vijiti vya kiberiti. Nilisimama na Wewe ameng'aa, kamba mkononi. Mkubwa alikuwa mtu wa kuongea na kifimbo. Akanikaribia, akainua kifimbo kuonyesha kitu, na Wewe, kama alivyofundishwa, akarudi hatua nyuma.

Mkubwa akasogea. Akainua tena kifimbo. Wewe akarudi.

Kumwambia mkubwa ashushe mkono wake lilikuwa jambo lisilosemeka. Watu walikuwa wamepotea kwa maneno machache kuliko hayo. Kumzuia Wewe sikuweza, kwa sababu alikuwa anafanya sawasawa nilichomfundisha. Basi mkubwa akaendelea kusogea na kueleza gwaride la ng'ambo, kifimbo juu, kifimbo chini, na sisi wawili tukaendelea kurudi nyuma kwa adabu, tukavuka njia ya kokoto, tukaingia kwenye kitalu cha maua chini ya bendera, mpaka mkia wa Wewe ukagusa ukuta wa ofisi na hatukuwa na pa kwenda. Nilimwona sajenti wa mbwa kwa mbali amefumba macho.

Mkubwa akamtazama farasi, akatazama maua yaliyolala, akatazama kifimbo chake. Kisha akaangua kicheko.

"Mmeona?" akawageukia wenzake. "Hii farasi inajua cheo! Watu wengine hapa hawajui, lakini hii inajua. Inaniogopa!"

Wote wakacheka, sisi tukacheka zaidi yao, mimi nikacheka mpaka machozi yakanitoka, na sikujua kama kweli kilikuwa kicheko. Akanisifu mbele ya watu. Nikapiga saluti kwa mkono ulioshika kamba, na Wewe, alipoona mkono umeinuka, akajaribu tena kurudi nyuma, akaupiga ukuta kwa matako.

Gwaride halikufanyika. Mwaka ule haujaisha, mkubwa yule hakuonekana tena ofisini kwake. Waliosema walisema ametumwa nje, na wengine hawakusema. Aliyekuja badala yake alituma mtu kuuliza simuni farasi wa Naguru ni wa nani. Mimi ndiye niliyepokea simu ile. Nikajibu kwamba nitauliza, nikachomoa waya.

"Farasi huyu sasa ana rafiki mbaya," akasema sajenti nilipomweleza. "Tumtoe kabla hawajataka kujua rafiki zake wengine ni nani."

Alimjua mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kusini, kupita Makindye, ambaye angemchukua bila maswali. Tukaondoka asubuhi, mimi juu ya Wewe, sajenti nyuma kwa baiskeli. Hivyo ndivyo nilivyopita mjini nikiwa nimepanda farasi hatimaye, na hakuna muuzaji aliyeacha nyanya zake. Watu walinitazama mara moja tu, wakageuza macho upesi, kwa kuwa kitu chochote cha ajabu njiani siku zile kilikuwa cha serikali.

Chini ya kilima cha Makindye kulikuwa na kizuizi. Askari kijana wa jeshi, macho mekundu kwa usingizi, akainua mkono. "Simama!"

Wewe alisimama kabla yangu.

Askari akaja, bunduki ubavuni. Akanitazama kutoka kwato hadi kofia, akaonekana hajui aanzie wapi, kisha mazoea yakamshinda. "Fungua buti," akasema.

Amri ile ilikuwa imeshatia watu hofu mji mzima, kwa kuwa siku zile watu walitiwa kwenye buti za magari wasionekane tena. Farasi wangu angeweza kuihisi hofu yangu na kukimbia, na angekimbia tungepigwa risasi sote watatu. Askari akagonga kitako cha bunduki kwenye kokoto. Wewe alipeleka sikio moja kule, akalirudisha, akahema, akapumzisha mguu mmoja wa nyuma kama mtu anayesubiri basi.

Sajenti akafika akihema juu ya baiskeli. "Afande," akamwambia yule kijana, ingawa yeye ndiye mkubwa, "buti ya hii hufunguka yenyewe. Ukisimama nyuma kidogo utaona."

Kijana akatazama nyuma ya farasi. Akaelewa. Kwanza hakucheka, halafu uso wake ukavunjika ukawa wa mtoto, akacheka, akatupungia mkono. "Endeni, endeni! Msinifungulie!"

Tulikwenda bila kugeuka nyuma mpaka kilima kikatuficha.

Mfugaji alitupokea vizuri. Nilimpa somo refu: jinsi ya kusimama begani, jinsi ya kurudisha nyuma, kwamba asipige kelele, kwamba asinyanyue fimbo hovyo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka nikamaliza, tena nilimaliza mara mbili. Kisha akachukua kamba, akaanza kutembea kuelekea malishoni, na Wewe akatembea naye bega kwa bega, kamba imelegea, kana kwamba wamejuana tangu zamani. Nilingoja ageuke. Hakugeuka.

"Sasa ulitaka alie?" akauliza sajenti.

"Angalau asite kidogo," nikasema.

Mke wa mfugaji akatuletea maziwa ya moto kwenye vikombe vya bati. Sukari haikuwepo, kama haikuwepo kwa mtu yeyote. Nilikunywa changu, nikanywa na cha sajenti, huku nikimnunia farasi, na sajenti akanitazama kwa huruma na kusema kwamba akirudi kambini ataniombea mtoto wa mbwa.