Mtawa Asiyelia wa Dhamila

Dhamila, mchonga mawe, alikuwa mtu wa machozi ya karibu. Alilia harusini, akalia punda wao alipokufa. Mkewe Vasudata, aliyemsugulia mawe kwa mchanga miaka ishirini na miwili, alizoea kumtania, "Baba Naga, utaliozesha hilo jiwe." Lakini kwa kuchonga msiba, bondeni kote hakuwa na mwenzake.

Bamba la jiwe alilolichonga mwisho lilikuwa sadaka yake mwenyewe kwa kuba takatifu la watawa, ili thawabu zimfikie marehemu mama yake. Lilimwonyesha Bwana Buda amelala ubavu, anafariki, waombolezaji wamemzunguka. Dhamila alilimaliza, akaugua homa siku sita, akafa.

Mzee Budhamita, mtawa, alipokuja kulikagua, kidole chake kilimgusa mtawa mdogo wa jiwe aliyeketi mbele ya kitanda cha Buda.

"Huyu ameshika shavu. Analia."

"Si wote wanalia, bwana mtawa?" Vasudata akauliza.

"Wote, ila yeye. Yeye ni mwanafunzi wa mwisho wa Bwana, alishaupata utulivu. Mumeo alilijua hilo."

"Alijua. Mkono wake ndio haukujua."

Mzee alicheka kidogo, ila hakulegea. "Kesho tunapandisha mabamba kwenye kuba. Hili halitapanda hivi, mama."

Vasudata aliliwekea bamba mkono. Bamba likibaki uani, sadaka ya mumewe imekufa naye.

"Niachie mpaka asubuhi."

"Kwani unachonga?"

"Sichongi. Nasugua."

"Utamsugua mtu mpaka aache kulia?"

"Nimeishi na Dhamila, bwana mtawa. Huyu wa jiwe ana afadhali."

Alisugua mchana kutwa. Mkono ulikwisha, na shavu likaenda nao, kwa kuwa vilikuwa jiwe moja. Hofu ikamshika, maana uso hakujua kuuchonga. Basi akaendelea kulainisha polepole, mpaka joho likawa limemfunika yule mtawa kichwa na uso, kama mtu aliyezama katika tafakuri. Waliolia wengine hakuwagusa. Wale aliwaacha na machozi yote ya mumewe.

Asubuhi mzee alipitisha kiganja juu ya lile joho.

"Ametulia," akasema. "Mpandisheni."

Bamba lilipokaa ukutani, Vasudata aliinama, akashukuru kwa miaka ishirini na miwili aliyopewa na mwanamume ambaye hakumficha chozi hata moja. Kisha akalia, kwa sauti, mbele za watu, wala hakujifunika.