Albamu Aliyoingoja Bila Kuionja

Yule jamaa anayewekea watu nyimbo kwenye flash mjini Nakuru anajua kila albamu itatoka lini. Si zile kubwa za redio, ni za wale wanaojirekodi wenyewe na gitaa, na za nyimbo za kienyeji. Hutaja tarehe huku akipangusa spika kwa kiganja, utadhani anangoja harusi. Na kabla ya siku yenyewe hasikilizi hata wimbo mmoja. Msanii akimtumia mapema, anafuta. “Usiniharibie utamu, boss,” husema kwa kicheko chake chembamba.

Jumanne aliingia dukani kwake Waithera, dadake mwimbaji wa Njoro aliyezikwa juzi, albamu ikiwa imebakisha wiki tatu itoke. Simu ambayo marehemu alirekodia nyimbo ilipondeka kwenye ajali iliyomuua. “Alisema alikutumia zote. Niwekee hapa,” akamnyooshea flash.

Jamaa aliipokea, akaigeuzageuza. “Nilizifuta, siste. Hata sikuzisikia.” Akamrudishia flash. “Kwani wewe hukumbuki hata mmoja?”

Waithera akaanza kuimba polepole. Mstari wa pili ukampotea, akamtazama jamaa amsaidie, naye hakuwahi kuusikia wimbo huo.